Waya Mwekundu Ndani ya Tochi ya Mama Mkwe

Hakuna kitu cha stima kinachoweza kunishangaza mimi. Nimekaa kwenye meza ya ufundi hapa Kakamega mjini miaka ishirini na saba. Nimefungua redio nikakuta mjusi amehamia ndani na familia yake. Nimeletewa pasi ambayo mwanafunzi wa chuo alikuwa anakaangia mayai. Mchungaji mmoja aliniletea spika ya kanisa akasema ina pepo linalokoroma wakati wa mahubiri. Nikatoa mende wanne, pepo likanyamaza. Shule niliachia darasa la sita, na leo kuna watu wenye vyeti vya ukutani wanaonipigia simu kwa siri kuniuliza waya huu uende wapi. Sijisifu. Ukweli ukisemwa unafanana na majisifu, na mimi siwezi kuubadilisha.

Mwaka huu nimeiacha meza. Macho yamechoshwa na moshi wa lehemu, na kiganja changu cha kulia hakikunjiki vizuri. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mnaniuliza sana kuhusu zile tochi zangu, zile nilizokuwa nanunua za bei ya chini sokoni na kuzifanya zimulike kama lori. Nitawaeleza zinavyotengenezwa. Lakini sitawaeleza hilo bila kuwaeleza na siku ile ambayo mama ya mke wangu alikuwa amelala mgonjwa kule Matungu, tochi niliyomtengenezea ikiwa imechomekwa ukutani juu ya kichwa chake, na mimi niko Kakamega, na duniani kote ni mimi tu niliyejua kwamba tochi ile inaweza kumuunguza akiwa usingizini.

Tuanze na tochi yenyewe.

Ile ya sokoni ina mwili wa plastiki na betri ya asidi ndogo kama kiberiti. Nyuma ina meno mawili ya chuma, unayasukuma kwa kidole yanatokeza, unaichomeka yote kwenye soketi ikaning'inia hapo. Mwezi wa kwanza inamulika. Mwezi wa tatu unahitaji tochi nyingine ya kuitafutia.

Ifungue. Skrubu ziko tano, nne unaziona, ya tano imefichwa chini ya karatasi ya jina. Wengi huvunja plastiki hapo kwa sababu ya hiyo moja. Toa betri ya asidi. Sasa tafuta betri ya laptopu iliyokufa. Ndani yake mna betri sita nene kama kidole gumba, na kwa kawaida zilizokufa ni mbili, zile nne zimeuawa kwa jina tu. Zipime. Iliyoshuka chini ya volti mbili na nusu, tupa. Zilizobaki zichaji, ziache kwenye rafu wiki nzima, upime tena. Inayopungua yenyewe bila kutumiwa, hiyo ni mwizi, tupa hata kama inakuuma. Chukua mbili nzuri.

Vile vitaa vidogo vya mbele vitoe, weka globu moja kubwa. Lakini globu kubwa ina joto. Usipoilaza juu ya bati la alumini itakufa kabla hujamwonyesha mteja. Mimi bati langu nilikuwa nakata kutoka sufuria kuukuu, na mke wangu alikuwa ananihesabia sufuria zake kila jioni. Mwisho, weka bodi ndogo ya bluu yenye tundu la chaja ya simu. Bodi hiyo ina akili. Betri ikijaa, inaacha.

Na hapa msikilize vizuri. Ile bodi ya zamani iliyo nyuma ya meno haina akili. Haijui kuacha. Betri ya asidi huivumilia, kama mlevi anayeongezewa na kuongezewa. Betri ya laptopu haivumilii. Ukiishindilia moto baada ya kujaa, inapata joto, inavimba, inatoa mluzi na harufu tamu kama rangi ya kucha, halafu inawaka. Haiwaki kama karatasi. Inawaka kama mwali wa fundi wa kuchomelea mageti. Kwa hiyo waya mwekundu unaotoka kwenye bodi ile kwenda kwenye betri, huo unaukata. Kazi ya sekunde mbili.

Ukifanya hayo yote, umepata tochi. Yangu nikiwasha mtaani Amalemba, mtu wa ng'ambo ya bonde alikuwa anafunga dirisha. Walinzi walinunua. Wachimba dhahabu wa huko Iguhu walinunua, wakaniambia sasa wanaona mpaka woga wao. Niliuza nyingi sana, na hakuna hata moja iliyorudi na malalamiko.

Aliyenifundisha meza alikuwa Mzee Lumbasi, fundi wa redio, mtu mfupi aliyeshona kitambaa cha goti kwenye suruali kabla haijatoboka. Alikuwa na utaratibu mmoja ulioniudhi. Kabla hujafunga kifuniko cha kitu chochote, ulikuwa unaweka kidole kwenye kila waya na kusema kwa sauti unatoka wapi na unaenda wapi.

"Taja," anasema.

"Mzee, nimeshaona iko sawa."

"Sijakuuliza umeona nini. Taja."

Siku moja nilifunga redio ya muuza majeneza bila kutaja, nikaiwasha, ikatoa moshi mbele ya mwenyewe. Mzee Lumbasi hakunipigia kelele. Aliniambia niifungue, nitaje, na yule muuza majeneza akiwa amesimama pale anasikiliza kama hakimu. Nilitaja waya kumi na moja kwa sauti ya kitoto, nami tayari nina ndevu. Mzee alipostaafu, kutaja nako nikakustaafisha. Nilijiambia fundi wa kiwango changu anataja kwa macho.

Basi. Ilifika wakati wa kwenda kusalimia kwa wakwe Matungu, na mke wangu, Mama Brian, akaniambia, "Usiende kwa mama yangu na mkate na sukari tu kama mtu anayetafuta kura. Wewe ni fundi. Mpelekee kitu cha mkono wako."

Nikakaa mchana nikatengeneza tochi mbili pacha, moja ya Mama, moja ya kuonyesha wateja dukani. Meno ya nyuma sikuyang'oa, maana ukiyang'oa yanaacha matundu mabaya yanayoingiza maji. Niliyaacha yawe ya kuziba tu. Siku hiyo walikuwa wamekaa pale wateja watatu, nami nawasimulia habari ya ile spika yenye pepo. Walikuwa wanacheka. Mdomo unaenda, mikono nayo inaenda. Nikafunga skrubu tano, tano, huku sijamaliza hadithi.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Yeye anakaa upande ule wa sebule, mimi upande huu, na maneno yanapita kwa mke wangu hata kama tunasikiana bila shida. Na kile chumba chake cha kulala, lile pazia la mlangoni, mimi silivuki. Kitanda chake sikioni. Si uadui, ni heshima, na kwa mama huyu heshima ilikuwa inapimwa kwa mizani ya dhahabu. Kwa hiyo maelezo ya tochi yalipita hivi:

"Mwambie Mama tundu la chini ndilo la chaja ya simu."

"Mama, anasema tundu la chini."

"Nimesikia. Na haya meno mawili ni ya nini?"

"Anauliza meno."

"Mwambie ni ya urembo."

Mama akacheka, akaifunika tochi kwenye leso. "Sijawahi kuona tochi inayovaa meno ya urembo," akasema. Na mimi nikacheka. Jioni ile aliiwasha uani, miwa ikaonekana mpaka kwa jirani wa tatu, na nikaondoka Matungu nikiwa mkwe kuliko wakwe wote.

Zikapita wiki saba. Asubuhi moja mwalimu mmoja wa Amalemba akaja dukani, akaipenda ile tochi pacha ya maonyesho. Bei ikamshtua.

"Kwa tochi?" akasema.

"Mwalimu, hii si tochi. Ngoja nikufungulie uone kazi."

Nikafungua skrubu tano, nikaanza somo. Hili ni bati, hii ni bodi yenye akili, hizi ni betri. Mwalimu akainamisha miwani yake.

"Na huu waya mwekundu unaenda wapi?"

"Upi?"

"Huu, unatoka hapa kwenye meno."

Nikaangalia. Ulikuwa mzima. Umelehemiwa vizuri pande zote mbili, unang'aa, kazi safi ya kiwandani. Sikuwa nimeukata. Na tochi ile ilikuwa pacha ya nyingine, zimefungwa kwa hadithi moja.

Niliweka bisibisi chini, somo nikaliacha katikati. Mwalimu akasema, "Fundi, unaumwa?" Nikamwambia duka limefungwa.

Nikampigia Mama. Simu yake haipatikani. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa Iguhu, ameenda kumwona dada yangu aliyejifungua, na yeye pia hakushika. Nikampigia baba mdogo, ndugu ya marehemu baba mkwe, anayekaa boma moja na Mama.

"Mulembe, mkwe," akasema. Nyuma yake trekta zinanguruma.

"Mulembe, baba. Mama yuko?"

"Yuko nyumbani, malaria imemwangusha. Alipewa dawa, sasa ni kulala tu. Mimi niko kwenye mizani ya miwa. Simu yake iko kwenye chaja, haijawashwa tangu izimike, maana stima ilipotea siku nne huku kwetu. Imerudi jana asubuhi."

"Na ile tochi iko wapi?"

"Tochi?"

"Ile niliyomletea."

"Mke wangu alimpelekea uji jana, akasema iko ukutani juu ya kitanda, inameta nyekundu kama jicho la paka. Chaja ni moja, imeshikwa na simu. Mkwe, mbona huulizi kama mgonjwa amekula, unaulizanga tochi?"

Nikafunga macho. Siku nne bila stima, simu imekufa, tochi imekufa, chaja moja. Mwanamke yeyote mwenye akili anaweka simu kwenye chaja na tochi anaichomeka kwa meno yake. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo.

"Baba, toka hapo uende uitoe ukutani. Ama umpigie jirani."

"Majirani hawana stima kwao, simu zao wamezipeleka sokoni kuchaji. Mke wangu yuko kliniki Mumias. Kwani tochi ina nini?"

Sasa vijana, nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo palipo kosa langu, si kwenye waya. Ningemwambia, "Baba, nilisahau kukata waya, betri italipuka, Mama ataungua," mzee yule angeacha trekta yake na kukimbia. Lakini mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni, anasikia. Na mzee mwenyewe alikuwa amenisifu kwa kijiji kizima.

"Ina kasoro kidogo," nikasema.

"Kasoro kidogo. Trekta yangu imebakisha mbili mbele, baada ya siku tatu za foleni. Nikimaliza nitapita." Akakata.

Nikawasha pikipiki. Kutoka Kakamega mpaka Matungu nilikuwa naenda saa moja na nusu bila haraka. Siku ile sijui nilienda vipi. Kichwa kilikuwa kinapiga hesabu peke yake. Bodi ile ya zamani husukuma polepole. Betri mbili zile, zikiwa tupu, zitachukua mchana mzima na usiku mzima kujaa. Stima imerudi jana asubuhi. Kwa hiyo zilijaa alfajiri hii. Na tangu alfajiri zinaendelea kulishwa, kama mtoto aliyeshiba anayebanwa pua amezeshwe uji. Sasa ni saa tano na nusu. Betri mpya ingeweza kuvumilia mpaka jioni. Hizi hazikuwa mpya. Nilizitoa kwenye jalala la ofisi.

Na si moto peke yake. Lile bati langu la alumini nililiacha likitokeza kichwani mwa tochi kwa maringo, lionekane. Tochi ikiwa ukutani kwa meno, bati linaweza kuwa na stima. Akiamka na kiu, akinyoosha mkono kujishikiza ukutani, ataligusa.

Nyinyi hamjui moshi wa Matungu. Kule hakukosi moshi. Mtu anachoma majani ya miwa, mtu anapika, mtu anafukuza mbu kwenye zizi. Nilipopita Mumias nikaanza kuuona mbele, hapa mmoja, pale mmoja, na kila moshi ulikuwa nyumba ya mama mkwe. Nikiukaribia unakuwa wa mtu mwingine, nashukuru, halafu naona mwingine mbele. Trekta la miwa likanizibia njia, nikapita kwenye nyasi za pembeni, mua ukanichapa shingoni. Sikusikia. Nilikuwa naongea peke yangu ndani ya kofia. Nilikuwa nataja. Mwekundu, kutoka kwa meno, kwenda kwa betri. Mwekundu, kutoka kwa meno, kwenda kwa betri.

Na karibu na kwao ndipo nikakumbuka pazia. Nimekuja peke yangu. Sina mke wangu, sina dada, sina mwanamke wa kumtuma ndani.

Boma lilikuwa kimya. Kuku tu. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa bila kufungwa. Nikaita hodi, nikaingia sebuleni kabla ya kujibiwa, na hapo harufu ikanipokea. Tamu. Rangi ya kucha.

Swichi kubwa ya nyumba iko sebuleni, juu ya mlango. Niliijua, niliifunga mwenyewe. Nikapanda kiti nikaishusha, stima ya nyumba nzima ikakatika. Nikapumua. Nikajiambia, fundi umefika, umemaliza.

Halafu nikausikia mluzi nyuma ya pazia. Mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Betri ikishaanza, kukata stima hakuisimamishi. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelisema mara mia kwa wateja.

"Mama," nikaita.

Nikalisogelea pazia.

"Mama, amka."

Kitanda kikalia. "Nani huyo?" Sauti ya mtu aliye mbali, iliyojaa dawa.

"Ni mimi, Baba Brian."

"Mkwe? Mbona unaniita na mimi niko kitandani? Mama Brian yuko wapi?"

"Hayuko, Mama. Toka huko ndani sasa hivi. Tochi inaharibika."

"Sina nguvu. Na sijavaa nguo ya kutokea mbele yako."

"Jifunike shuka utoke."

"Nitoke na shuka mbele ya mkwe? Toka wewe uende uani, utafute mwanamke."

"Mama, hakuna wakati wa mwanamke. Usiiguse hiyo tochi."

"Hii inayolia?"

"Usiiguse."

"Usivuke hilo pazia," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeamka kabisa. "Baba Brian, nasema usivuke."

Nilikuwa nimelishika tayari. Niwaambieni ukweli, niliogopa vitu viwili, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Nikiingia, nimemvunjia mama heshima ambayo hata mume wa binti yake wa kwanza, mlevi yule, hajawahi kumvunjia. Nisipoingia, kuna neti ya mbu, kuna godoro la sponji, kuna mgonjwa asiye na nguvu ya kusimama.

Mluzi ukabadilika sauti. Nikaingia.

Nilitazama ukuta. Tochi ilikuwa inaning'inia kwenye soketi juu ya ubao wa kitanda, tumbo lake limevimba mpaka plastiki imepasuka, moshi mweupe unatoka kwenye mpasuko. Ncha ya neti ilikuwa imelala juu yake. Nilivuta shati likafunika kiganja, nikaing'oa pamoja na neti, neti ikachanika, Mama akapiga yowe moja. Nikageuka. Hatua tatu mpaka kwenye pazia, na hapo kwenye pazia ndipo ilipowaka.

Ilitoa mwali kama bomba lililopasuka. Shati likashika moto, kiganja kikashika moto, pazia likashika moto. Sikuiachia. Ningeiachia pale ingebaki ndani ya nyumba. Nilipita sebuleni nikaitupa uani, na betri ya pili ikalipuka hewani, kuku wakatawanyika mpaka kwenye miwa. Nikarudi, nikaling'oa pazia, nikalikanyaga kwa viatu mpaka likazima.

Nilipoinua macho Mama alikuwa amesimama kwenye mlango usio na pazia, amejifunga shuka mara mbili, ameshika ukuta. Alinitazama. Alitazama mkono wangu. Kisha akasema:

"Umeona kitanda changu."

"Sikuona, Mama. Niliangalia ukuta."

"Uliona nini ukutani?"

"Kalenda ya kanisa."

"Kalenda iko chini, inaegemea mto."

 Akaenda polepole mpaka jikoni, akarudi na karai la maji, akaliweka chini katikati yetu, akasogea nyuma hatua mbili ili niuweke mkono.

Jioni baba mdogo alifika na majirani wanne. Waliona shimo jeusi uani, wakaona pazia, wakaona mkono wangu umefungwa kwa kanga, wakaniwekea kiti kizuri.

"Ni stima," baba mdogo akasema. "Stima ya huku ikipotea hurudi na nguvu mbaya. Kama si mkwe, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

"Kweli kabisa," wakasema.

Na mimi nikanywa chai. Nilikunywa kikombe kizima, vijana, nikiwa nimekalia kiti cha shujaa, na woga nilioupata pale ulinishinda wa barabarani. Barabarani niliogopa kilichokuwa mbele. Pale niliogopa kitu nilichokiona ndani yangu, kinachokunywa chai.

Jirani mmoja akasema, "Lakini ile tochi ilikuwa nzuri. Fundi, na mimi nitengenezee kama ile ile."

Nikafungua mdomo nimtajie bei. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Hakumtafuta mtu wa kupitishia maneno. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake aliniuliza uso kwa uso.

"Tochi yangu ilikuwa na kosa?"

Ningeweza kusema stima. Wote walikuwa wameshasema stima.

"Ndiyo, Mama. Kuna waya nilitakiwa kuukata, sikuukata. Nilijua tangu saa tano asubuhi. Na baba aliponiuliza, nilimwambia ni kasoro kidogo, kwa sababu niliona haya."

 Baba mdogo aliweka kikombe chini. Alinitazama muda mrefu, mzee yule, na nikajua anaiona trekta yake, na foleni yake, na anaona kile ambacho angekikuta nyumbani.

"Kuingia chumbani," akasema mwishoni, "tungekusamehe. Uliingia kuokoa. Hiyo ingekwisha kwa jogoo mmoja. Lakini moto umeuleta wewe, na mimi umenificha. Utaleta jogoo, na kondoo, na blanketi la Mama, na pazia."

"Na neti," akasema Mama. "Na tochi."

"Nitakutengenezea nyingine, Mama, kwa uangalifu."

"Hapana. Nataka ile ya dukani. Iliyofungwa na wenyewe. Usiifungue, mkwe, hata kidogo."

Wiki ile nikawapigia simu wateja wote wa tochi niliokuwa na namba zao, na Iguhu nikaenda mwenyewe, mkono umefungwa, nikaulizia mpaka machimboni. Nilifungua tochi moja moja mbele ya wenyewe, na kila waya nikautaja kwa sauti. Nyingine zote zilikuwa zimekatwa. Hata hivyo nilitaja.

Kondoo nilimpata kwa elfu nane na mia tano, blanketi elfu mbili mia mbili, jogoo elfu moja mia tatu. Pazia na neti vilikuwa elfu moja mia nne hamsini, kufungwa mkono mia saba, sukari na majani ya chai ya siku ya kupeleka hivyo vitu mia tano na themanini. Tochi ya Mama niliinunua sokoni kwa mia mbili hamsini, nikaibeba mpaka Matungu ndani ya karatasi yake, skrubu zote tano hazijaguswa. Jumla shilingi elfu kumi na nne, mia tisa na themanini.